Zabibu au Ulanzi: Jinsi Tulivyopitiliza Makambako

Mmenisimamisha mlangoni mwa kanisa, mmenifuata hadi kwenye vyerehani vyangu, na wengine mmekuja nyumbani mkisingizia kuazima ungo. Swali lenu ni lile lile: mlisema mnakwenda mapumziko ya wiki moja, mbona mmerudi siku ya kumi, na mbona Baba Renata kila akiulizwa anacheka tu? Nimeona niandike mara moja, msomeane kwenye jumuiya, nami nipate nafasi ya kumaliza sare za watu.

Binti yetu Renata, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyeanzisha. Alipiga simu akasema, "Mama, mna miaka thelathini ya ndoa na hamjawahi kusafiri isipokuwa kwa msiba au harusi. Chagueni mahali mkapumzike, nauli na malazi juu yangu."

Hilo neno "chagueni" ndilo lililotuponza. Mume wangu Kasiani, ambaye nyote mnamjua kama bwana shamba mstaafu na mtunza sakristia, hakufikiri hata dakika moja. Alitaka Dodoma. Kwa miaka yote hiyo amejaza divai kwenye vichupa vya altare na hajawahi kuuona mzabibu kwa macho yake. Mimi nikasema Njombe, kwa sababu mwezi wa tatu mianzi inatoa ulanzi, ile pombe ya utomvu wake, na kule ni baridi nzuri, na kuna viazi.

"Viazi?" akasema Kasiani. "Mama Renata, viazi si tunavyo hapa Sumbawanga?"

Tukabishana siku nne. Mwisho tukaona njia ni moja mpaka Makambako: pale ukinyoosha unakwenda Iringa na Dodoma, ukikata kulia unakwenda Njombe. Tukakubaliana tuamue tukifika hapo. Nilikubali haraka, naye akakubali haraka. Watu wawili wakikubaliana haraka hivyo, mjue kila mmoja ana lake moyoni.

Sumbawanga hadi Laela

Tuliondoka alfajiri kwa ubaridi wetu ule, Kasiani amevaa koti la suti na kofia ya sufu, mimi nimejifunga kitenge juu ya sweta. Tulikuwa na begi moja kubwa jekundu la wote wawili, maana Renata alituonya tusisafiri kama tunahama.

Tulipokaribia Laela mkanda wa injini ukakatika. Basi likajikokota hadi karibu na maghala ya wanunuzi wa mahindi, likazima. Dereva alitutangazia kwa upole kwamba mkanda mwingine unatoka Tunduma, na kwamba gari linaloubeba limeshaondoka. Baada ya saa mbili alitangaza kwamba gari linakaribia kuondoka.

Tukakaa juu ya magunia. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kisukuma anayeishi Mtowisa, huko chini bondeni, Mama Kulwa, akiwa na ndoo ya maziwa ya mgando aliyokuwa anampelekea dada yake Tunduma. Tulinunua mahindi ya kuchemsha, yeye akafungua ndoo. "Mpaka mkanda ufike yatakuwa yameharibika," alisema, akatumiminia vikombe. Kasiani, ambaye akishiba huwa mtu wa kutoa siri za nyumba, akamweleza mgogoro wetu wote, tena kwa sauti. Abiria wakasogea. Mwalimu mmoja akaunga mkono Dodoma. Vijana wawili wakasema, "Mzee, Njombe ndiyo poa, ulanzi wa asubuhi ni kama soda." Mzee mmoja wa pale Laela, aliyekuja kutazama tu basi bovu, akauliza kwa nini watu wazima wapande basi siku mbili kufuata kilevi wakati nyuma ya ghala lile kuna kimpumu cha ulezi kimeiva leo.

Mama Kulwa alisikiliza wote, kisha akaniuliza taratibu, "Kule Njombe una mtu?"

"Hapana," nikamjibu. "Nataka tu kuona mianzi."

Akanitazama, akaniongezea maziwa. "Haya. Mianzi."

Kasiani alikuwa ameshaondoka na yule mzee kukagua kimpumu. Alirudi akiwa mchangamfu, akasema ulezi wa Laela una rutuba.

Laela hadi Mbeya

Mkanda ulifika saa nane mchana, na siku nzima iliyobaki ilikwenda hivyo. Tunduma tulishuka kununua chapati. Malori yamepanga foleni hadi huoni mwisho, na Mama Kulwa akatuaga kwa kumwambia Kasiani, "Baba, mwache mama akaone mianzi yake." Mbeya tuliingia giza limeshaanza. Gesti tuliyoelekezwa ilikuwa imepakana na ukumbi wa harusi, na bibi harusi yule alikuwa na mashangazi wengi wenye vipaza sauti. Sikufumba jicho.

Mbeya hadi Mafinga

Sasa naingia kwenye dhambi, msome polepole.

Asubuhi, stendi, Kasiani alipokwenda kununua magazeti, nilimfuata kondakta wa basi la Iringa. Alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa shikamoo kwa kuinama. Nikamwambia, "Mwanangu, tukifika Makambako, lile begi jekundu ulishushe. Hata mzee aseme nini, wewe shusha." Nilijua Kasiani, mtu wa kukunja nguo zake kama korporale, kile kitambaa cha altare, hawezi kuliacha begi liende peke yake. Begi likishuka, naye atashuka, na tukishashuka mambo yameisha.

Sikujua kwamba nilipokwenda chooni, Kasiani naye alimfuata kijana yule yule. Alimwambia, "Mama hajalala usiku kucha. Akisinzia msimwamshe, wala msimpigie kelele za vituo. Mwacheni mpaka Iringa."

Basi likaondoka. Usingizi walioniibia mashangazi ulidai deni lake: hatujapita Chimala macho yalikuwa yameshafumba. Kasiani alivuta kofia yake ya sufu hadi puani akajifanya amelala, ili nikiamka nisimuulize kitu. Kujifanya kulala baada ya usiku ule ni kazi ya hatari. Naye akalala kweli.

Niliamshwa na jua usoni. Nje kulikuwa na misonobari, mistari kwa mistari, na mbao zimepangwa kando ya barabara. Nikamuuliza dada wa kiti cha nyuma, "Makambako bado?"

"Makambako, mama? Hapa ni Mafinga."

Nikamtikisa Kasiani. Alifungua macho, akatazama nje, na nikamwona anatabasamu kabla hajakumbuka kuficha. Hapo ndipo nikajua. Lakini tabasamu lake halikudumu, kwa sababu nilisimama nikamwita kondakta, nikamuuliza begi langu liko wapi.

"Nimelishusha Makambako, mama, kama ulivyoniagiza."

"Na sisi?"

Kijana akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mama ulisema begi lishuke. Mzee akasema mama asiamshwe. Hakuna aliyesema abiria washuke. Nilidhani mzigo unapokelewa na ndugu zenu, nikamwachia mama wa ofisi pale stendi."

Basi zima lilikuwa linasikiliza. Dada wa nyuma alijifunika uso kwa khanga. Tulishuka Mafinga mikono mitupu, Kasiani na gazeti lake, mimi na mkoba wenye mahindi mawili ya Laela.

Mafinga, kurudi nyuma

Tuliingia kwa mama ntilie tukaagiza ugali na maharage. Tulikula. Kisha Kasiani akaweka kijiko chini.

"Mimi nimekosa," alisema. "Nilikufanyia hila kwa sababu ya zabibu. Lakini wewe, Mama Renata, umemhonga kijana wa watu kwa maneno matamu ashushe begi. Kwa ajili ya mianzi? Niambie ukweli. Kule Njombe kuna nini?"

Nikasogeza sahani pembeni.

Nyote mnajua nilisomea ushonaji kwa masista kule Njombe. Mnajua pia namna Kasiani anavyokionyesha cheti changu kwa kila mteja: "Huyu alilelewa na masista, hajawahi kupewa hata onyo." Kwa miaka thelathini nimekaa chini ya cheti hicho nikimwacha aseme.

Nikamwambia habari za Vumilia. Alikuwa Mbena wa kijiji cha karibu na shule, kitanda chake kando ya changu. Mwaka wa mwisho, miezi miwili kabla ya mtihani, tulitoroka Jumapili mchana tukaenda kwenye mianzi ya mjomba wake, tukarudi tunanuka ulanzi. Sista mkuu alituita mmoja mmoja. Aliingia Vumilia kwanza. Alisema ni yeye aliyenivuta, na kwamba mimi sikuonja. Alifukuzwa jioni ile. Mimi nilipoingia ofisini niliulizwa kama hivyo ndivyo ilivyokuwa, nikasema ndiyo.

"Na baadaye?" Kasiani aliuliza.

"Baadaye nikapata cheti, nikaajiriwa Sumbawanga, nikakutana na wewe."

"Nauliza kuhusu yeye. Ulimwandikia?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Niliona aibu. Mwaka ukipita aibu inaongezeka."

Nilimwambia karibu yote. Alilipa chakula, tukapanda basi dogo la kurudi Makambako, naye akashika gazeti lake njia nzima bila kugeuza ukurasa. Nimeshazoea Kasiani akikasirika, hulalamikia chumvi. Safari hii hata chumvi hakuitaja. Nilitazama misonobari nikihesabu uongo niliomwacha aubebe mbele za watu, mbele ya padri, mbele ya watoto wetu.

Pale Makambako upepo ulikuwa mkali. Mama wa ofisi alikuwa amelikalia begi letu kama kigoda, anamenya karanga. "Ninyi ndio wenye begi?" akauliza. "Nilidhani mmeachana njiani, kila mmoja ameogopa kuja kulichukua." Akatupa karanga.

Kasiani alilibeba begi mabegani. Basi la Iringa lilikuwa linaunguruma upande mmoja, la Njombe upande wa pili. Nilisubiri aelekee la Iringa, na wallahi ningemfuata bila neno. Akaelekea la Njombe.

"Kama angefukuzwa Oresta," alisema bila kunitazama, akinitaja kwa jina langu la ubatizo, "mimi nisingekutana naye. Huyo mwanamke nina la kumwambia."

Njombe, kwenye mianzi

Stendi ya Njombe bibi mmoja alimsalimu Kasiani, "Kamwene." Mume wangu akavua kofia, akajibu, "Hapana mama, umenifananisha. Mimi naitwa Kasiani." Mtu wa tatu alipomwita Kamwene alianza kuamini kuna mtu wa sura yake mji ule. Nilimwacha mpaka kesho yake ndipo nikamwambia ni salamu.

Vumilia hakuwa mgumu kupatikana. Wauza ulanzi sokoni walimjua wote. Ni mgema, walisema, tena hodari kuliko wanaume, ana mashina ya mianzi hadi ng'ambo ya kijito. Asubuhi tulichukua pikipiki mbili hadi kijijini, tukaelekezwa bondeni.

Alitokea katikati ya mianzi akiwa na kisu mkononi na mbeta mbili begani, vile vyombo vya mwanzi vinavyokinga maji ya ulanzi. Kasiani alirudi hatua moja. Vumilia alisimama akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu.

"Oresta," alisema. "Umenenepa."

Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Sumbawanga. Ilitoka sentensi moja, kwamba nimekuja kuomba radhi kwa yale ya shuleni.

"Ya shuleni?" Alishusha mbeta. "Kufukuzwa nililia siku tatu, basi, nikaolewa. Miaka miwili nilikuwa natuma mtu parokiani kila mwisho wa mwezi aniulizie kama kuna barua yangu kutoka Ufipa. Kama unaomba radhi, omba ya barua."

Nikaomba ya barua. Nililia vibaya, mnanijua nikilia nakuwaje. Yeye hakulia. Alinipa kikombe cha mtogwa, ulanzi mtamu wa asubuhi, akasema ninywe kwanza.

Kasiani alipopata nafasi alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumpa mke. Vumilia akanitupia jicho, akagundua nimeshasema. Akamwambia, "Mume wa rafiki yangu, mke wako hana kosa. Mimi ndiye niliyemburuta. Alikuwa analia njia nzima, anataka kurudi shuleni. Hakuonja hata tone."

Niliangalia viatu vyangu. 

Halafu akaniuliza kama mikono yangu bado inafanya kazi. Wanawake wa kikundi chao walinunua vitambaa vya sare kwa ajili ya sherehe ya Jumapili, na fundi wa pale alikuwa ameshaharibu magauni mawili, moja halina pa kupitisha kichwa. Ndani kulikuwa na cherehani cha mkono cha marehemu mama mkwe wake. Hivyo ndivyo mapumziko yangu yalivyokwenda: siku tatu nilizungusha gurudumu la cherehani, magauni tisa, huku wenye magauni wakija kujipima na kuleta viazi na parachichi.

Kasiani yeye alipumzika kwelikweli. Aliambiwa mtogwa ni kama juisi, hauleweshi, akanywa vikombe sita kwa kuamini. Ni kweli hauleweshi. Hakuna aliyemwambia unafanya nini tumboni. Siku ya pili yote alikaa karibu na choo, akisoma gazeti lake la Mbeya kwa mara ya nne.

Jambo moja lilinichoma. Jioni, Vumilia akishatoka kugema, alikaa kando yangu kukunja pindo za magauni kwa sindano ya mkono. Nilichukua gauni moja nikatazama pindo kwenye mwanga. Sikuona uzi ulipoingia wala ulipotoka. Mimi nina karakana ya vyerehani vitano na sijawahi kushona pindo kama ile.

"Ulikuwa fundi kuliko mimi," nikamwambia.

"Nilijua," akajibu, akakata uzi kwa meno.

Njombe hadi Dodoma

Gauni la tisa lilipokwisha nilimwambia Kasiani, "Zamu yako. Twende Dodoma." Vumilia alikuwa anapepeta maharage. Akasema naye hajawahi kwenda mapumziko tangu azaliwe, na mwanawe anaweza kugema siku chache. Saa moja baadaye alikuwa ameshavaa viatu. Renata nilipompigia simu kumweleza kwamba tumekuwa watatu, aliuliza kama baba yupo karibu.

Shamba tulilolitembelea lilikuwa nje kidogo ya mji, ardhi nyekundu, jua kali, na mwenyewe alikuwa mzee wa Kigogo, mpole, aliyekuwa katikati ya mavuno. Kasiani alisimama mbele ya mzabibu wa kwanza akavua kofia.

"Mfupi hivi?" alisema. "Miaka yote nilidhani ni mti wa kupanda kwa ngazi."

Alishika jani, akaligeuza, akalitazama mishipa kama alivyokuwa akitazama mahindi ya watu kutafuta ugonjwa. Akahamia mzabibu wa pili, kisha wa tatu. Tulimwacha.

Mzee alitukaribisha kivulini akatuonjesha divai kwenye bilauri ndogo. Vumilia aliuliza imekaa muda gani. Akaambiwa miaka miwili. "Miaka miwili?" akasema. "Yetu ya asubuhi, jioni imekwisha, na watu wanauliza ya kesho."

Mzee akacheka, akamgeukia Kasiani aliyekuwa amejaza mdomo. "Na hawa akina mama ni nani wako?"

Kabla sijafumbua kinywa, Vumilia alijibu bila kutikisa uso, "Mimi mke mkubwa. Huyu mdogo ni wa kushona."

Kasiani alipaliwa. Divai ilimtokea puani, ikaingia kwenye koti la suti. Mzee aliangalia rozari iliyokuwa imening'inia kwenye mfuko wa koti lile, akaweka bilauri chini, akasema kwa huzuni kwamba yeye ni mwenyekiti wa kigango pale na wanalipiga vita sana jambo hilo. Ilimchukua Kasiani muda mrefu, pete ya ndoa, na picha ya harusi iliyoko kwenye simu yake, kumwelewesha. Kila alipokaribia kueleweka, Vumilia alikuwa anamwita "mume wangu" amsogezee maji.

Tulikaa Dodoma siku mbili. Tulikula zabibu hadi ndimi zikakwaruza. Tuliagana stendi, Vumilia akapanda basi la Njombe na kreti ya zabibu anayotaka kuwajaribishia wagema wenzake. Alifungua dirisha akaniita, akanipa kipande cha karatasi chenye anwani yake, maandishi makubwa, akafunga dirisha kabla sijasema asante.

Kurudi Sumbawanga

Sisi tulipanda la kwetu mchana ule. Tulikuwa tumeshaiacha Dodoma nyuma, Kasiani akitazama nje, aliponiuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Mama Renata. Siku ile, kweli hukuonja?"

Ningeweza kulala. Nilikuwa na kila sababu ya kulala.

"Yeye alikunywa kikombe kimoja," nikamwambia. "Mimi nilikunywa vitatu."

 Basi likapita daraja.

"Na kutoroka kwenda kwenye mianzi, lilikuwa wazo la nani?"

"Langu," nikasema. "Yeye ndiye aliyekuwa analia anataka kurudi."

Hakugeuka. Niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani nimemliza, nikamshika mkono. Ndipo akaachia kicheko ambacho sijamsikia nacho tangu Renata azaliwe, hadi dereva akatutazama kwenye kioo, na kila alipojaribu kunyamaza alininyooshea kidole, akashindwa kusema, akaanza upya.